Tulivyogombana Peponi

Nianze na zipu. Kwenye kikao chetu cha kitabu cha miezi miwili iliyopita dada mmoja, fundi cherehani, alikitia kitabu kwenye pochi, akafunga zipu taratiiibu, akanyanyuka mkekani akasema "jamani mi nawaacha, kuna nguo ya mteja naimalizia", akatoka. Jumamosi saa kumi na moja jioni hiyo, na wote tuliokaa pale tulijua hamna nguo wala mteja. Tangu siku hiyo ile zipu inanirudia kichwani, na kwa vile mimi ndo wananiita mwenyekiti (cheo cha utani, kazi yake kubwa ni kujua kopi ya kitabu iko kwa nani) nimeona nikieleze kisa chote kuanzia mwanzo. Majina siyataji na wahusika nimewaomba ruhusa, wawili kati yao wameshanisomea hapahapa na kunirekebisha sehemu.

Tuko tisa. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uani kwa mzee mmoja Ilala aliyestaafu reli, chini ya mwarobaini, chai ya tangawizi na vitumbua juu yetu, mkeka na viti juu yake. Yupo huyo mzee, yupo mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, ustadhi mmoja anayefundisha madrasa na kuuza simu, dogo wa chuo, dada anayefanya kazi ya mikopo kwenye taasisi moja ya fedha, huyo fundi cherehani, mimi, na wengine wawili ambao nawapenda sana ila huwa hawamalizi vitabu. Tumeshasoma Vuta n'kuvute tukaelewana vizuri tu, tukasoma Nagona ya Kezilahabi, kitabu chembamba ukikiona unasema hiki nakimaliza kwenye daladala, kikatushinda watu sita. Kwahiyo kushindwana tulishakuzoea. Kugombana ndo ilikuwa bado.

Safari hii tulichagua Peponi, yani ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, ikaja kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota hapahapa Dar mwaka 2022, mwaka mmoja tu baada ya mwandishi kupata Nobel. Mi naona aibu kidogo kwamba mtoto wa Unguja alisubiri miaka ishirini na nane na tuzo ya Wazungu ndo tumsome kwa lugha aliyozaliwa nayo, ila hilo ni la siku nyingine.

Kama hujakisoma na hupendi kuambiwa mwisho, ishia hapa, kwa sababu ugomvi wetu hauelezeki bila mwisho.

Kwa kifupi: Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na mbili, baba yake anaendesha hoteli kwenye kamji ka reli kanaitwa Kawa, enzi za Mjerumani. Huwa anakuja tajiri mmoja wa pwani, Aziz, mtoto anamjua kama ndugu wa familia, anampenda, akija anampa sarafu. Siku moja anaambiwa unaondoka naye, anapanda treni akidhani anaenda kutembea. Kufika pwani anakutana na kijana muuza duka, Khalil, ndo anamwambia ukweli, huyu sio ndugu yako, baba yako anadaiwa, we umewekwa rehani. Na Khalil mwenyewe ni rehani vilevile. Baada ya hapo kuna bustani nzuri yenye ukuta, kuna safari ya bara na wapagazi inayoishia kwa kuporwa na kupigwa kwenye mji wa Chatu, kuna mke mkubwa wa Aziz mwenye alama shavuni anayeamini Yusuf anaweza kumponya, na kuna Amina, dada yake Khalil wa kulelewa, ambaye naye ameozeshwa huyohuyo tajiri. Mwishoni vita vinanukia, linapita jeshi la Mjerumani na askari wake linakamata watu, Khalil na Yusuf wanajifungia ndani, jeshi likishaondoka Yusuf anatoka nje, anasikia kama milango nyuma yake inakomewa, alafu anafanya kitu ambacho kimetumalizia chai siku ile, anakimbia kulifuata lile jeshi. Kitabu kimeisha.

Sasa kopi. Tulikuwa na nne kwa watu tisa, tatu za Kiswahili na moja ya Kiingereza ya mwalimu, zilizeeka mkononi utadhani za maktaba. Ninaandika kwenye daftari: kopi namba moja iko kwa fulani mpaka tarehe fulani. Fundi alikuwa na kopi namba tatu zaidi ya wiki mbili kwa sababu anasoma usiku baada ya kufunga kibanda, kurasa kumi anasinzia, kesho tena kumi. Dada wa mikopo yeye aliipata siku tatu kabla ya kikao, akasoma kwa mbio, kwenye mwendokasi, kwenye foleni, chumbani mtoto analia. Wakati ule niliona kawaida. Leo nikiliangalia daftari naona nusu ya kisa imeandikwa mle, maana mtu aliyekaa na kitabu usiku kumi na tano na mtu aliyekikimbiza siku tatu hawajasoma kitabu kimoja hata kama jalada ni lile lile.

Siku ya siku tukakaa, chai ikamiminwa, na mimi nikafungua kikao na swali ninalofungua nalo kila mwezi: "Haya, nani kakipenda, nani hajakipenda?"

Naomba mlikumbuke hilo swali.

Ukiuliza hivo kwa Watanzania umeshagawa Simba na Yanga. Dakika moja tu watu wamekaa upande. Ustadhi kakipenda, mwalimu kakipenda sana, mzee hakupenda mwisho, dogo hakupenda mwisho kwa sababu nyingine kabisa, wale wawili "bado tunasoma ila kinaonekana kizuri", dada wa mikopo akasema kinachosha, safari ya bara ni ndefu na mwisho hauna mwisho. Fundi nilimruka. Sio kwa makusudi, alikuwa anamimina chai, nikaona nitamrudia.

Mwanzoni kikao kilikuwa kitamu kweli na siwezi kuacha kulisema la ustadhi, kwa sababu hiyo ni mara ya kwanza nimeona mtu anasoma kwa kutumia alichonacho bila kuomba radhi. Alisema, nyie mnashangaa nini, hii si sura ya kumi na mbili? Jina Yusuf, uzuri wa Yusuf, tajiri anaitwa Aziz kama yule bwana wa Misri, mke anaitwa Zulekha, na mke anamvuta kijana kanzu inachanika mgongoni. Kwenye Qur'ani kanzu kuchanika nyuma ndo ushahidi kwamba kijana alikuwa anakimbia, kwahiyo mwanamke ndo mwongo. Watu wakanyamaza. Alafu akaongeza kitu kilichonikaa mpaka leo, kwamba Yusuf wa Qur'ani aliuzwa, akafungwa, mwisho akakabidhiwa hazina za nchi, huyu wa kwetu kauzwa, kazungushwa bara, mwisho wake anaukimbilia mtutu. Yule alitoka shimoni akaenda juu, huyu bustanini akaenda wapi? Hakujibu mwenyewe, akala kitumbua.

Mwalimu akaleta la lugha. Yeye amesoma kwa Kiingereza, akasema "uncle" wa Kiingereza hana upande, anaweza akawa ami, mjomba, jirani, hata kondakta, lakini Kiswahili kinakubana useme, ami ni wa kwa baba, mjomba ni wa kwa mama, na ukishasema umeshatoa ukoo. Kwahiyo uongo wa kumwita Aziz ndugu unauma zaidi kwetu kuliko kwa msomaji wa London. Hapo wale ambao hawajamaliza kitabu ndo walichangamka kabisa maana kila mtu ana "mjomba" ambaye sio mjomba. Tukacheka, tukapoteza robo saa, sijutii.

Ugomvi wa kwanza ukaanzia mwisho wa kitabu. Dogo akasema Yusuf ni msaliti, umeona Mjerumani anavyokamata watu alafu unamkimbilia, angalau angeenda bara, angeenda popote. Mzee akaweka kikombe chini. Mzee wetu huwa haweki kikombe chini. Akasema babu yake mzaa baba alichukuliwa kwenye vita hiyohiyo ya 1914, kubeba mizigo, na hakurudi, na hakuna kaburi, kwahiyo yeye ukimwambia kuna mtu alikimbia mwenyewe kulifuata jeshi anaona babu yake ametukanwa. "Babu yangu hakukimbia, alikamatwa." Dogo akajaribu kusema mzee shikamoo lakini hii ni riwaya, mzee akasema riwaya imeandikwa juu ya nini, nenda pale Posta, Bismini, kamwangalie huyo Yusuf wako amesimama na bunduki. Mwalimu, ambaye hawezi kuacha kosa lipite, akasema mzee wangu lile sanamu liliwekwa na Waingereza 1927, askari yule sio wa Mjerumani, wa Mjerumani alikuwa Wissmann mwenyewe, gavana wao, aliyesimama hapo kabla, na ndo jina lake limegeuka Bismini. Mzee akamwangalia akasema "bunduki ni bunduki". Na kusema kweli ukitoka pale kwa miguu mpaka Kariakoo unatoka kwa askari unaingia kwa mpagazi, maana Kariakoo nayo jina lake ni Carrier Corps, wabeba mizigo wa Mwingereza, tunanunua kanga juu ya kambi yao.

Hapo moto ulikuwa umewaka lakini ulikuwa mzuri, watu walikuwa wanabishana na kitabu mkononi. Balaa lilikuja kwa upole.

Dada wa mikopo, nadhani kwa nia ya kupoza, akasema jamani tusimwonee na Aziz. Yeye haoni unyama mkubwa pale. Mtu kakopesha, aliyekopa kashindwa, dhamana imechukuliwa, enzi hizo ndo ilikuwa taratibu. Mwalimu akasema dhamana gani ya mtoto, huo ni utumwa, tena Unguja walishaufuta kisheria 1897 ingawa huku Tanganyika mpaka 1922. Dada akasema sawa mwalimu, lakini angalia maisha yake, alikula, akavaa, akafundishwa biashara, akasafiri, angebaki kwa baba yake na kale kahoteli angekuwa nani? Wapo wengi walilelewa na watu wenye uwezo wakatoka vizuri tu.

Fundi, ambaye hajasema kitu tangu tumekaa, akasema: "Lakini hakuulizwa."

Dada akajibu haraka na kwa kicheko, "He! Mtoto gani anaulizwa?" Watu wakacheka, na mimi nilicheka. Alafu nikaona saa imekwenda na mzee bado ana kinyongo na dogo, nikataka kufunga mada, nikasema ile sentensi ya wenyeviti wote, "haya bwana, kila mtu na maoni yake, tuendelee".

Zipu.

Ngoja nilichambue hapa kabla sijaendelea na yaliyofuata, kwa sababu yaliyofuata niliyaharibu zaidi.

Ukiniuliza siku ile nani kakosea ningesema dada wa mikopo, kaongea bila kufikiri. Ilinichukua muda kuona kwamba yeye alifanya kile nilichomuita afanye. Swali langu lilimpa upande wa kukaa, akakaa, alafu akautetea, ndo mchezo ulivyo. Ukishasema mbele za watu nane kwamba kitabu kinachosha huwezi tena kusema ila kuna ukurasa mmoja ulinikosesha usingizi, utaonekana kigeugeu. Na aliyesema kakipenda naye hawezi kukubali kwamba safari ya bara kweli inavuta. Nimekaa kwenye vikao vya vitabu miaka minne, na karibu nusu ya maneno tuliyosema ilikuwa ni kulinda jibu la dakika ya kwanza.

Alafu hii "kila mtu na maoni yake". Tunaisema kama heshima. Mi naanza kuiona ni namna ya kumfunga mtu mdomo huku unatabasamu, maana ukishaniambia hayo ni maoni yangu umeniambia pia kwamba hayakuhusu na hutayaangalia. Na fundi hakuwa ametoa maoni. "Hakuulizwa" ni kitu kilichoandikwa kwenye kitabu, unaweza kukionyesha kwa kidole: mtoto anaambiwa unaondoka, hamna anayemwambia kwa nini, mpaka afike pwani aambiwe na muuza duka. Kati ya yote yaliyosemwa jioni ile, ukitoa la ustadhi, huo ndo ulikuwa usomaji wa karibu kuliko wote, maneno mawili, na mimi nikauweka kwenye kapu moja na "kinachosha".

Lingine ni kicheko. Sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba nami nilicheka.

Haya, yaliyofuata. Usiku ule nikaandika meseji ndefu kwenye grupu letu la wasapu, ya kiungwana, "kama kuna yeyote aliyekwazika leo tunaomba atuwie radhi, tukumbuke kuheshimiana". Zikaja zile alama za mikono ya kuomba kama sita hivi. Fundi kimya. Asubuhi dada wa mikopo akaandika "ujumbe umefika kaka, asante", akajitoa kwenye grupu. Hapo nikaelewa kwamba nimempiga jiwe mtu wa pili gizani, maana meseji isiyotaja mtu kila mtu anaipokea kwa jina lake, hasa yule ambaye anajishuku. Siku moja nimepoteza watu wawili kati ya tisa, kwa adabu kabisa.

Wiki nzima sikufanya kitu. Wiki ya pili nikachukua suruali yenye zipu mbovu (ndio, zipu tena, sikupanga) nikaenda kibandani kwa fundi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Akanipokea vizuri, akaiangalia suruali, akasema hii elfu mbili mwenyekiti, njoo jioni. Nikabaki nimesimama. Akaendelea kukanyaga mashine, bila kuniangalia akaanza kusimulia. Kwamba alikuja Dar ana miaka tisa kutoka bara, na mama mmoja aliyekuwa anaitwa shangazi, sio shangazi yake, alikuwa anajuana na mama yake kanisani. Kwamba aliambiwa anaenda kusoma. Kusoma alisoma, mpaka la tano, akiamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya maji na uji wa watoto wa nyumba. Mshahara hapana, we si mtoto wa nyumbani? Cherehani alijifunza palepale kwa huyo mama.

Nikasema dada pole, yule mwenzetu alisema bila kujua. Akasimamisha mashine. Akasema, "Mwenyekiti, mi nilikula nikashiba. Nilivaa. Kazi hii hapa nimeipata kwake. Kila alichosema yule dada ni kweli, ndo maana kiliniuma. Angesema uongo ningembishia."

Nikakosa la kusema, na mimi sio mtu wa kukosa la kusema. Baadaye akaniambia kwamba kwenye kitabu haikuwa sehemu ya kupigwa wala ya safari iliyomliza, ni pale mwanzo kabisa, mtoto kwenye treni bado anafurahia safari. "Nilitaka nimwambie." Akaniuliza kama kopi aendelee kukaa nayo, kuna sehemu anairudia. Nikasema kaa nayo.

Dada wa mikopo nilimpigia simu, maana nilishajifunza kuhusu meseji. Alikuwa amenuna na alikuwa na haki. Akasema kaka, mi ningeambiwa palepale kwenye mkeka, sio usiku mbele ya grupu kwa mafumbo. Nikakubali. Alafu tukaongea juu ya kitabu chenyewe kwa karibu dakika arobaini, bando lake limeisha nikampigia tena, na kwa kweli hayo ndo yalikuwa maongezi bora ya Peponi niliyoyapata. Akasema kazi yake ni kukaa na watu wanaoleta kadi ya pikipiki, hati ya kiwanja, friji, na ikifika siku ya kushindwa yeye ndo anaandika barua. Akasema alivyokuwa anasoma alikuwa anasubiri Aziz afanye unyama unaoeleweka, apige mtu, atukane, ili amchukie apumzike. Aziz hapigi. Aziz ni mpole, ananukia vizuri, anasali, anaongea taratibu. "Nikajiona mimi, kaka. Nikamtetea." Akakiri pia kwamba sehemu ya katikati aliruka, sijui kurasa ngapi, kwa hiyo "kinachosha" ilikuwa ni uchovu wake yeye wa siku tatu. Mi nikafikiria, haya yote angeyasema wapi mle kwenye kikao changu cha kupenda na kutopenda?

Nilimwomba arudi. Akasema akirudi hataki kuombwa msamaha wala kuomba mbele za watu, hataki sherehe. Sawa.

Kikao kilichofuata nilifanya mabadiliko mawili tu. Hatukuchukua kitabu kipya, tulirudi Peponi, jambo ambalo wale wawili wasiomaliza walilifurahia mno. Na swali langu nikalibadilisha, nikasema kila mtu aje na sehemu moja aliyokwama, awe amekunja ukurasa, atusomee kwanza kabla hajasema chochote. Kukwama, sio kupenda. Unaweza ukakwama kwa uzuri au kwa hasira au hujaelewa tu.

Ikawa polepole mno. Kuna kimya kingi, watu wanatafuta ukurasa, mtu anasoma vibaya anarudia. Dogo alipiga miayo. Lakini mtu akisoma kwa sauti huwezi kumrukia, macho yako yote yako kwenye yale maneno. Dogo mwenyewe alisoma ule mwisho, lile jeshi linaondoka na mbwa wanavyokula uchafu ulioachwa, na mzee alikuwa anamsikiliza amefumba macho, akamwambia rudia hapo pa mlango kukomewa. Dogo akarudia. Mzee akauliza, nani amekomea? Hamna aliyejua. Tukabishana hilo kama nusu saa, mwalimu akachungulia na Kiingereza chake, na hamna mtu aliyetaja neno msaliti. Mzee hajaupenda mwisho mpaka leo, na nisiwadanganye kwamba yeye na dogo wameelewana.

Dada wa mikopo alikaa pembeni kidogo, kakunja ukurasa wa Mzee Hamdani, yule mtunza bustani ambaye kwenye kikao cha kwanza hakuna aliyemgusa. Huyu alikuwa mtumwa wa nyumba ile, bibi aliyemmiliki akataka kumpa uhuru kama zawadi, akakataa. Na sababu yake sio kwamba kapenda utumwa, anahoji huyo mwanamke uhuru wa mtu mwingine ameupata wapi mpaka augawe. Dada akausoma mpaka mwisho, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akasema: "Huyu ndo peke yake aliyeulizwa." Hakumwangalia fundi. Fundi naye alikuwa anaangalia mkeka, akasema kwa sauti ndogo, na alivyoulizwa wakashangaa jibu.

Ustadhi akataka kuongeza kitu nikamkanyaga mguu.

Tulimaliza magharibi inaadhiniwa. Tumechagua kitabu kingine, mwalimu anatafuta kopi, na dogo amesema anaanza na Afterlives ya Gurnah huyohuyo, ya 2020, kwa sababu ameambiwa mle kuna askari wa Mjerumani kwa kirefu na anataka kuja kumshinda mzee kwa hoja. Kopi za Peponi nimezikusanya namba moja, mbili na nne. Namba tatu bado iko kibandani, kwenye daftari nimeandika "fundi", sehemu ya tarehe ya kurudisha nimeiacha wazi. Na suruali zipu yake ni nzima.